Zimwi Lako Linaishi Wapi?

Wadogo zangu, leo naongea na mmoja wenu wa Lupepo, wilayani Rungwe, ila wengine msiondoke, maana swali lake litawafaa wote mnaoshika brashi.

Mdogo wangu huyu anafinyanga vinyago vya udongo visivyozidi urefu wa kidole: mazimwi, vibwengo, na watu wanaopambana nao. Anavipaka rangi na kuvipanga mezani kama vikosi viwili. Zimwi lake la kwanza alilipaka rangi nyeusi tii, na wenzake wakamwambia limefanana na watu wa kwao. Rafiki mwenye simu akamwonyesha mazimwi ya Uingereza, yote ya kijani, akamhakikishia kwamba hiyo ndiyo rangi yenyewe. Sasa ananiuliza: Dada, zimwi ngozi yake ni rangi gani?

Sikia mdogo wangu. Zimwi halina rangi yake maalumu, kwa hiyo hapo uko huru kabisa. Kitu kimoja tu nakuomba uache: kuchukua rangi ya ngozi ya watu fulani na kuigeuza alama ya uovu. Wenzako walipoona zimwi linafanana na watu wa kwao, walikuwa wanakwambia jambo kubwa. Wasikilize.

Hayo ya kijani nayajua. Yameenezwa sana na mchezo wa mezani wa Warhammer, wa kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, uliotoka mwaka 1983. Kabla ya hapo orki, yaani mazimwi, wa mwandishi Mwingereza J. R. R. Tolkien, kwenye vitabu vyake vya 1954 na 1955, hawakuwa wa kijani. Katika barua ya 1958 Tolkien aliwaeleza kwa kuwafananisha na watu wa Asia, kwa sura alizosema mwenyewe kwamba machoni mwa Wazungu hazipendezi. Alikuwa msomi mkubwa wa lugha na hadithi, na bado alipotafuta sura ya kiumbe kibaya, aliichukua kwa binadamu wa mbali na kwake. Kijani angalau hakimtukani mtu yeyote, maana hakuna taifa la watu wa kijani. Kama unakipenda, kitumie bila wasiwasi. Lakini usikitumie kwa sababu umeambiwa ndiyo sheria.

Sisi wenyewe tuna wakubwa wa kazi hii. Wachongaji wa Kimakonde walianza kuchonga mashetani wa mpingo katika miaka ya 1950, na Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo huo. Mashetani wale ni weusi, ndiyo, kwa sababu mpingo ni mweusi. Gogo lilelile hutoa mama anayenyonyesha, mzee mwenye mkongojo na shetani mwenye jicho moja, na wote ngozi yao ni moja. Ushetani unauona kwenye umbo: mdomo ulipopasukia, sikio lilivyovutwa, mguu uliotokea mahali pasipo pake. Kwa hiyo kabla hujafungua kopo la rangi, shika kinyago chako kikiwa kitupu ukitazame. Kama bado hakijawa zimwi, rudi kwenye udongo. Rangi haitakuokoa.

Halafu yuko George Lilanga, aliyezaliwa kusini mwa nchi yetu mwaka 1934 na kufariki 2005. Alitoka kwenye uchongaji, akafanya kazi Nyumba ya Sanaa pale Dar es Salaam, na mashetani wake akawapaka samawati, njano, waridi, kijani, kwenye picha na hata kwenye vinyago vya mbao. Watazame ukipata nafasi. Wanacheza, wanabebana, wanasengenyana. Huyo ndiye mwalimu ninayekupa, kwa sababu hakuwa na woga wa rangi.

Sasa njoo nyumbani. Mimi zimwi naliuliza swali moja tu: unaishi wapi? Jibu lake ndilo linalonipa ngozi. Na wewe umezaliwa Rungwe, penye majani ya kila aina! Tazama shamba la chai: jani changa lina manjano ndani yake, jani kuukuu limeiva hadi linakaribia weusi. Tazama kuvu na ukungu wa kijani kwenye magogo ya msitu wa mlimani. Milima ya Uporoto ina kinyonga mwenye pembe tatu, kijani chenye mabaka, ngozi yake ya punjepunje. Kibwengo gani atakushinda hapo? Msimshike wala kumuumiza, mtazameni tu. Na kama hutaki kijani, yuko kipunji, kima wa Mlima Rungwe ambaye wawindaji walimtaja kabla wanasayansi hawajamtambua mwaka 2003. Manyoya yake ni kijivu cha kahawia, tumbo linaelekea weupe. Zimwi la msituni la rangi hiyo ningelinunua mimi mwenyewe. La ziwani, pale Ziwa Ngozi au Ziwa Masoko, lipe kijivu chenye samawati kama kitu kisichoona jua.

Tuje kwenye kuchanganya, maana hapa ndipo wengi mnapoharibu.

Udongo wako uwe umechomwa. Usiochomwa ukiupaka rangi ya maji utalainika na kumeguka. Pitisha msasa laini, futa vumbi, paka mkono mmoja mwembamba wa rangi nyeupe ya maji. Rangi ya mafuta inang'aa vizuri, tena mchoraji Edward Saidi Tingatinga alijenga jina lake kwa rangi za baiskeli, lakini kwa mvua ya Tukuyu, inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, utasubiri ikauke mpaka uchoke. Tena thina ya kuizimulia inataka chumba chenye hewa, mbali na jiko na wadogo zako. Anza na rangi ya maji.

Kijani cha kwenye kopo ni kikali mno kwa ngozi. Kitilie nyekundu kidogo sana, kwa ncha ya kijiti, nacho kitatulia na kuwa kama cha kitu chenye damu. Njia nyingine ni njano na nyeusi kidogo: utapata kijani cha matope, kizuri mno kwa mazimwi mazee. Hiyo ndiyo rangi ya kwanza, ipake mwili mzima. Ya pili ni ya kivuli: chukua ileile, ongeza kahawia au zambarau, izimue kwa maji mpaka iwe kama chai ya rangi, kisha iache itiririke yenyewe kwenye mikunjo, kwapani, chini ya kidevu. Ya tatu ni ya mwanga, ya kwenye pua, paji, mabega na vifundo vya vidole. Hapa ongeza njano, si nyeupe. Nyeupe hufanya ngozi ionekane imepakwa unga. Na uzidishe tofauti kati ya kivuli na mwanga kuliko unavyodhani inatosha, kwa sababu kitu kidogo hivyo hakijitengenezei kivuli cha kutosha. Mwisho gusa wekundu kidogo kwenye midomo, masikio na pua. Hapo litaanza kupumua.

Usisahau binadamu wako. Naona vijana wanalipa zimwi rangi tano, halafu mtu wanampaka kahawia moja ya kopo, basi. Ngozi yetu inastahili kazi zaidi ya hiyo! Changanya nyekundu, njano na samawati kidogo upate kahawia yako mwenyewe. Mmoja mwongezee wekundu, mwingine umanjano, mwingine mfanye mweusi kabisa, na huyo mweusi kabisa mfanye shujaa wa kikosi. Mwanga wake uweke kwa kahawia yenye rangi ya chungwa kwenye mashavu, na mguso wa samawati pale anapopigwa na anga. Viganja na nyayo vipe rangi nyepesi zaidi. Kisha msimamishe karibu na zimwi, mchana, dirishani. Ziba pembe na meno ya zimwi kwa kidole gumba. Kama ngozi zao bado zinachanganyana, lisogeze zimwi kwenye ukijivu au ukijani zaidi, na mtu umwache alivyo.

Meno na kucha zipake mwisho, ngozi ikishakauka kabisa. Tumia nyeupe iliyotiwa njano na kahawia kidogo, kwenye shina iwe nzito, kwenye ncha iwe nyepesi.