Presha: Tupimwe Vizuri, Tusiache Dawa



Somo la leo ni presha. Ugonjwa huu hauumi, na hapo ndipo taabu inapoanzia. Mtu analima, anachota maji, anaenda sokoni, kumbe damu inasukuma mishipa kupita kiasi. Siku moja anaanguka, mdomo umepinda, upande mmoja umepooza, halafu watu wanasema amerogwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Kupimwa nako kuna utaratibu wake. Ukifika zahanati umetembea juani kilomita 8, usipimwe papo hapo. Kama una mkojo, nenda choo kwanza. Kaa dakika 5, uegemee kiti, miguu chini bila kukunja nne. Mkono uwe wazi bila nguo, ulale mezani usawa wa moyo, na usiongee. Upimwe mara mbili, kisha uulize namba. Kuambiwa "uko sawa tu" hakutoshi. Namba ni mbili, kama 130/80, na ziandikwe katika kitabu chako. Zikifika 140/90 au zaidi katika siku tofauti, una presha. Zikiwa 180/110 na zaidi, usirudi nyumbani kabla ya kuhudumiwa. Wengine huogopa kuuliza, eti daktari atakasirika. Ulizeni! Ni mwili wako.

Sasa dawa. Mgonjwa anapewa vidonge vya mwezi mmoja, anajisikia vizuri, anaacha. Presha si kama malaria, kwamba ukimaliza dozi umepona. Vidonge huishikilia tu, ukiacha inapanda tena. Wako pia wanaomeza siku ile kichwa kinauma, au wanaogawana na jirani. Lakini tusimlaumu mgonjwa kila mara. Analipa bodaboda, anafika, anaambiwa dawa zimeisha. Mara ya tatu haendi tena.

Hapa mwethya unaweza kufanya kazi. Wenye presha waombe kliniki ya siku moja, na mmoja aulize mapema kama dawa ziko. Zikikosekana kila mara, kikundi kizima kipeleke neno kwa kamati ya zahanati. Mtu mmoja husahaulika haraka. Pia mwiteni mhudumu wa afya wa kijiji siku ya mkutano. Mwaka 2023 serikali iliwagawia wahudumu hao mikoba ya vifaa, na mashine ya presha imo.

Jikoni, chumvi ya mtu mmoja kwa siku isizidi kijiko kidogo cha chai. Magadi tunayotia kwenye isyo ili iive haraka nayo huongeza presha, hata kama hatuyaiti chumvi.

Jadilianeni: Ni wangapi kati yetu wanaojua namba yao? Nani ameacha dawa, na ni kitu gani hasa kilichomzuia kurudi?