Kufundisha Watu Kupeleka Fedha kwa Simu

Zamani mtu wa Nairobi aliyetaka kumpelekea mama yake fedha kijijini alimkabidhi bahasha msafiri au dereva wa basi, akakaa siku nyingi asijue kama imefika. Mwaka 2005 ilijaribiwa katika Nairobi na Thika programu ya simu, yaani mpango wa maagizo ambayo simu huyafuata, nayo ikaitwa M-PESA. Watu walioijaribu hawakufika 500.

Waliotunga programu ile walikusudia itumiwe kulipia mikopo midogo. Lakini watu walipokwisha kuizoea waliitumia kwa haja zao wenyewe: huyu alimpelekea jamaa yake, na yule aliweka fedha kabla ya safari, akazitoa alipofika, asije akaibiwa njiani. Waliokuja kufundisha wakajikuta wanafundishwa. Basi ilipofunguliwa kwa watu wote wa Kenya, mwezi wa Machi 2007, kupelekeana fedha ndiko kulikotangazwa kwanza.

Kazi ya kufundisha iliwaangukia mawakala, ambao wengi wao ni wenye maduka. Kazi hiyo si nyepesi. Mzee huja na simu ambayo hajaitumia ila kwa kuzungumza na watoto wake. Yampasa kufungua orodha, kuchagua "Tuma Pesa," kuandika namba ya mpokeaji, kisha kiasi, kisha namba yake ya siri yenye tarakimu 4. Akikosea tarakimu moja ya namba ya mpokeaji, fedha zaweza kwenda kwa mtu asiyemjua kabisa. Kwa sababu hiyo baadaye iliongezwa hatua iitwayo Hakikisha, ambayo humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji.

Wakala mwenye haraka huinyakua simu, akabonyeza mwenyewe, akasema, "Tayari, mzee." Mzee hushukuru, wala hakujifunza neno, tena amekwisha kuitaja namba yake ya siri mbele ya watu dukani, nayo ndiyo ufunguo wa fedha zake. Wakala mwema huiacha simu mkononi mwa mwenyewe. Humwambia asome kwa sauti maneno yaliyo katika kioo, humweleza neno gumu, na wakati wa namba ya siri hugeuza uso. Mara ya kwanza humshauri apeleke fedha kidogo tu, kwa mtu aliye karibu, ili wauone ujumbe ukifika.

Asiyejua kusoma ana shida zaidi. Huenda akakariri mahali pa kila neno: la kwanza, la pili, la tatu. Njia hii humfaa mpaka siku orodha inapobadilishwa. Hapo kidole hubonyeza palipozoeleka, na jambo jingine hutokea. Ni heri ajifunze sura ya maneno machache, "Tuma" na "Toa," hata ikiwa ni kazi ya juma zima. Mjukuu wa darasa la tano aweza kumfundisha hayo nyumbani jioni, maadamu haulizi namba ya siri.