Mkojo Wenye Damu na Maji ya Lambo

SWALI: Daktari, hapa kwetu Ikutha, mvua zikisha kunyesha na lambo letu likajaa, wanangu wawili wa kiume hawatoki majini likizo nzima. Sasa mdogo amenieleza kwamba mkojo wake unamchoma, na matone ya mwisho yana damu. Jirani ananiambia ni jua kali, kwa kuwa maji yetu ni safi, yanaonekana mpaka chini. Je, niwakataze kuogelea kabisa? Binti yangu hana shida hiyo. Yeye haogelei, kazi yake ni kufua na kuteka maji tu.

JIBU: Mama, kabla ya maelezo yoyote nakuomba umpeleke kijana huyo hospitali akapimwe mkojo, na ikiwezekana autoe mkojo huo kati ya saa nne za asubuhi na saa nane za mchana, baada ya kutembea au kucheza kidogo, maana mayai ya mnyoo ninayemshuku hutoka kwa wingi katika saa hizo kuliko alfajiri. Jua kali huweza kuufanya mkojo uwe mchache na wa rangi nzito, lakini halitii damu ndani yake. Na mtoto aogeleaye lamboni, akionyesha damu mwishoni mwa mkojo, hudhaniwa kuwa na kichocho mpaka kipimo kikanushe.

Mnyoo wa maradhi haya alitambuliwa mjini Cairo mwaka 1851 na tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz, aliyemkuta ndani ya mishipa ya damu ya maiti. Lakini ilipita zaidi ya miaka sitini kabla ya Robert Leiper kuthibitisha, huko huko Misri mwaka 1915, kwamba mnyoo huyo hawezi kutoka kwa mtu mmoja akamfikia mwingine pasipo kupitia kwa konokono wa majini. Mtu mgonjwa hukojoa ndani ya maji au kando yake, mayai yakapasuka, na kijidudu kinachotoka humo hakina muhula mrefu: lazima kimpate konokono wa aina yake katika muda wa siku moja au chini yake, ama kife. Kikimpata, huzaana ndani ya mwili wake kwa majuma kadhaa, kisha konokono huyo mmoja akawa anamwaga majini maelfu ya vijidudu vingine, vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye mkia wa panda, ambavyo kazi yao ni moja tu, kutafuta ngozi ya binadamu na kupenya. Havihitaji jeraha wala kunywewa. Dakika chache zatosha. Aghalabu hutoka pale mwanga na joto la jua vinapozidi, tangu kiasi cha saa nne za asubuhi hadi alasiri, yaani saa zile zile watoto wanapoyatamani maji.

Basi wazitambua sababu za mimi kuyaogopa maneno ya jirani yako. Uwazi wa maji si ushahidi wa usalama wake, kwani konokono huyu hustawi katika maji matamu yaliyotulia, yenye vuguvugu na magugu ukingoni, nayo yaweza kuwa maangavu kabisa. Wala kukauka kwa lambo hakuleti faraja inayodhaniwa, maana baadhi ya konokono wa kichocho cha kibofu hujizika matopeni, wakavumilia kiangazi kwa miezi, na mvua zikirudi wakaamka pamoja na maji. Watu wa upande wenu huwaonya watoto juu ya mamba wa Mto Athi, na wana haki. Lakini mamba huonekana na humtisha mtoto, ilhali vijidudu hivi havionekani wala havitishi, na mwenye kuambukizwa leo hurejea nyumbani mchangamfu, pengine akijikuna kidogo tu. Damu huja baada ya majuma mengi, wakati hakuna akumbukaye siku ya kuogelea.

Wala asidhani mtu mzima au mgeni kwamba maradhi haya hayamhusu. Katika miaka ya 1990 familia nyingi za Wakamba zilihamia Masongaleni, karibu na Kibwezi, ng'ambo ya Athi kutoka kwenu, zikiwa hazijawahi kuishi na kichocho cha matumbo, ndugu wa hiki cha kibofu, kilichokuwako huko. Wataalamu waliozifuatilia, wakaandika habari zake mwaka 1998, waliwakuta wahamiaji wameambukizwa, wakubwa kwa wadogo, ijapokuwa mzigo mzito wa minyoo ulikuwa kwa watoto na vijana.

Katika nchi nyingi za Afrika, damu katika mkojo wa mvulana imezoeleka kiasi cha kuhesabiwa alama ya kukua. Kwangu mimi mazoea hayo ni msiba. Mnyoo huishi miaka mingi katika mishipa ya kibofu, akitaga mayai kila siku. Mengine hutoka na mkojo, na mengine hunasa katika nyama za mwili, yakaacha makovu, yakaziba njia ya mkojo, yakadhuru figo, na kwa baadhi ya watu, baada ya miaka, yakaleta saratani ya kibofu. Yote haya huweza kuzuiwa kwa vidonge vya prazikwanteli, vinavyopimwa kwa uzito au kimo cha mgonjwa na kumezwa pamoja na chakula. Ila dawa hii huua minyoo wakubwa na kuwaacha wachanga. Kwa hiyo kijana aliyekuwa majini juma lililopita anywe sasa kama atakavyoelekezwa, na aulize juu ya kurudia majuma sita hadi manane baada ya mara yake ya mwisho kuogelea.

Ama kuhusu kuwakataza, nakujibu kwamba lamboni ndiyo, wakatazwe, mpaka ijulikane kwamba maji yenu hayana konokono hao. Kuwaruhusu asubuhi na mapema na kuwafuta kwa taulo hupunguza hatari, hakuiondoi. Lakini katazo la mama mmoja halishindi joto la Ikutha. Lifaalo zaidi ni wazee wa kijiji na walimu wasimamie vyoo karibu na lambo, ili mkojo na kinyesi visiyafikie maji, na kuiomba serikali ya kaunti dawa kwa watoto wote, si kwa yule mmoja aliyethubutu kusema.

Sasa niruhusu nirudi kwa binti yako, ambaye barua yako imempitia kwa haraka. Afuaye husimama majini hadi magotini kwa saa nzima, tena mchana. Atekaye hulowesha mikono na miguu kila siku, hata siku ambazo kaka zake wako shuleni. Vijidudu havibagui mchezo na kazi. Fauka ya hayo, kwa wanawake mayai hunasa pia katika njia ya uzazi, yakaleta maumivu, uchafu na damu isiyo ya hedhi, na kwa wengine utasa. Na wapo wasichana waliodhaniwa zinaa na kuaibishwa bure kwa dalili za maradhi waliyoyapata wakifulia wazazi wao nguo. Maji ya kufulia na kuogea yatekwe, yakae katika ndoo iliyofunikwa siku mbili kamili pasipo konokono ndani, au yachemshwe, kisha nguo zifuliwe mbali na ukingo. Nawe siku utakayompeleka kijana, mchukue na dada yake, mwambie muuguzi waziwazi kwamba msichana huyu hufua lamboni, na wewe mwenyewe, mama, uombe kupimwa.