Kuvunja Ungo na Kutoona Mbali: Balehe ya Mapema na Macho ya Msichana

Miongoni mwa mambo yanayowafikisha wazazi katika kliniki za macho, lipo moja linalowahusu hasa mabinti wa miaka 10 hadi 14. Mtoto aliyekuwa akiusoma ubao bila taabu mwaka jana, mwaka huu anafinya macho, ananakili kutoka katika daftari la jirani yake, na alama zake zimeshuka. Kwa kuwa mabadiliko hayo huja wakati uleule mwili unapobadilika, mzazi huona ni dhahiri kwamba hedhi ndiyo iliyoharibu macho. Hitimisho hilo si sahihi, lakini halikuzuka bure. Kati ya wakati wa kubalehe na miopia, yaani hali ya kuona vizuri vitu vya karibu na kuona kwa ukungu vya mbali, upo uhusiano wa kweli. Kuuelewa kunasaidia kujua ni lini macho ya binti yanapaswa kupimwa.

Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 17 hivi kutoka mbele hadi nyuma, na la mtu mzima hufikia milimita 23 hadi 24. Katika jicho lililokua sawasawa, konea na lenzi huukusanya mwanga ukaangukia barabara juu ya retina, utando wa nyuma unaopokea picha. Jicho likirefuka kupita kiasi, picha huangukia mbele ya retina. Milimita moja tu ya ziada huleta miopia ya takriban dayopta 2.5 hadi 3. Mwanafunzi mwenye dayopta 2.5 huanza kuona ukungu kwa kila kitu kilicho zaidi ya sentimita 40 kutoka usoni pake: daftari analiona, ubao haumfikii. Urefu huo haurudi nyuma. Miwani huirekebisha picha, haiwezi kulifupisha jicho.

Sasa litazamwe umbo zima. Wasichana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana wakikaribia 14. Kuvunja ungo huja baada ya kilele hicho, kwa kawaida katika mwaka unaofuata. Jambo hili husahauliwa mara nyingi: hedhi ya kwanza si mwanzo wa balehe, bali ni dalili kwamba sehemu kubwa ya safari imekwisha pita, kwani matiti huanza kuota miaka miwili hivi kabla yake. Watafiti wa Singapore waliofuatilia watoto wa shule mwaka hadi mwaka, na kuchapisha matokeo mwaka 2012, waliona kwamba mtoto aliyefikia mapema kilele cha kurefuka mwili, jicho lake nalo lilifikia mapema kilele cha kurefuka, na miopia ilimwanza akiwa mdogo zaidi. Mwili na jicho vilifuata saa moja.

Kutoka Korea Kusini, takwimu za uchunguzi wa afya wa kitaifa wa miaka 2008 hadi 2012 zilionyesha kuwa wanawake waliochelewa kuvunja ungo walikuwa na miopia kidogo kuliko waliowahi. Hapa ndipo msomaji anapaswa kusita kidogo. Katika nchi hiyo, wanawake waliozaliwa miaka ya 1920 walivunja ungo wakiwa na karibu miaka 17, na waliozaliwa miaka ya 1980 wakikaribia 14. Katika kipindi hichohicho shule zilienea, masaa ya kusoma yakaongezeka, na maisha yakahamia ndani ya majengo. Yote mawili yalisonga pamoja, na ni rahisi moja kulipa lawama ya jingine. Ushahidi wa kutosha wa hilo ni wa wanaume: vijana wa miaka 19 waliopimwa jijini Seoul mwaka 2010 kwa ajili ya utumishi wa jeshi walikuwa na miopia kwa asilimia 96.5, na hao hawajui hedhi ni nini.

Athari ya elimu imethibitishwa kwa njia nyingine pia. Utafiti uliotumia vinasaba vya watu wazima wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2018, ulikadiria kwamba kila mwaka wa ziada wa masomo husogeza uoni kuelekea miopia kwa dayopta 0.27. Kuhusu homoni, vipokezi vya estrojeni vimepatikana katika retina na sehemu nyingine za jicho, ila kuwapo kwa kipokezi hakutoshi kuthibitisha kwamba estrojeni ndiyo inayolirefusha. Maelezo yanayokubaliana zaidi na ushahidi ni kwamba balehe huamua wakati, ilhali vitabu na ukosefu wa mwanga wa nje huamua kiasi.

Wakati huo una uzito wake. Nchini Marekani, watoto wenye miopia waliofuatiliwa hadi utu uzima, karibu nusu walitulia walipofika miaka 15, na robo tatu hivi walipofika 18. Kwa hiyo binti aliyeanza akiwa na miaka 8 ana miaka mingi zaidi ya jicho kuendelea kurefuka kuliko aliyeanza na 13. Miopia ikipita dayopta 6, hatari ya retina kubanduka, ya glakoma na ya kuharibika kwa kitovu cha retina huongezeka katika miaka ya utu uzima.

Kinga inayojulikana ni nafuu: mwanga wa mchana. Huko Guangzhou, China, shule 6 kati ya 12 ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za shughuli za nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 ya watoto hao walikuwa wamepata miopia, dhidi ya 39.5 katika shule nyingine. Ndiyo maana desturi nayo inahusika. Pwani ya Afrika Mashariki, mwari alikuwa akitawishwa ndani. Na hata pale ambapo utawa umekwisha, binti aliyeanza kukua huambiwa aache kucheza uwanjani, ashike jiko na vitabu, huku kaka yake akiendelea na mpira. Balehe haibadilishi mwili peke yake. Hubadilisha pia mahali msichana anapoushinda mchana, na hilo familia inaweza kulirekebisha.

Miopia bado ni chache Tanzania ikilinganishwa na Asia ya Mashariki. Uchunguzi wa wanafunzi 2,511 wa sekondari jijini Mwanza, uliochapishwa mwaka 2002, uliikuta kwa asilimia 5.6. La kuhuzunisha zaidi ni kwamba kati ya waliokuwa na kasoro kubwa ya uoni, hata theluthi moja hawakuwa na miwani.

Kusubiri hedhi ya kwanza ndipo macho yapimwe ni kuchelewa. Kipimo cha chati ya herufi E kwa umbali wa mita 6, kila jicho peke yake, kifanyike binti anapofika miaka 8 au 9, kirudiwe kila mwaka hadi atakapoacha kurefuka, na mapema zaidi iwapo mzazi mmojawapo ana miopia. Hakuna sababu ya kuchelewesha balehe kwa dawa ili kuyalinda macho. Matiti yakiota kabla ya miaka 8, daktari aonwe kwa sababu nyingine kabisa. Na miwani ikiandikwa, ivaliwe kwa nguvu kamili iliyopimwa. Ile ya nguvu pungufu, ambayo baadhi ya wazazi huiomba wakiamini kwamba jicho litajizoeza, haikuonyesha kuipunguza kasi ya miopia.