Maumivu ya Mgongo ya Usiku kwa Vijana: Uvimbe Mdogo Usiofaa Kupuuzwa

Kijana anayeamshwa usiku na maumivu ya mgongo, kisha akapata nafuu haraka baada ya kumeza ibuprofeni, asiambiwe tu kwamba amechoshwa na michezo. Dalili hizo mbili zikikutana, mhudumu wa afya hana budi kufikiria osteoidi osteoma, uvimbe wa mfupa usio wa saratani.

Uvimbe huu huwapata zaidi watu wa miaka 10 hadi 25, wavulana kuliko wasichana. Takriban mmoja kati ya 10 hutokea kwenye uti wa mgongo, hasa sehemu ya nyuma ya pingili za kiunoni. Kiini chake kwa kawaida hakifiki sentimita 2, lakini hutoa kwa wingi prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu. Ndiyo maana dawa zinazozizuia huleta nafuu. Misuli ya upande wenye uvimbe hukakamaa na mgongo ukapinda kuelekea upande huo. Kwa hiyo, mgongo wa kijana uliopinda na unaouma sana utafutiwe chanzo.

Picha ya eksirei huweza kuonekana haina kasoro, kwa kuwa mifupa ya eneo hilo hufunikana. Kipimo cha CT hukionyesha kiini vizuri zaidi. Kipimo cha MRI huonyesha pia majimaji katika tishu za jirani, ambayo huweza kudhaniwa kuwa ni maambukizi. Homa, kukonda na jasho la usiku huelekeza kwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ganzi, miguu kulegea au kushindwa kuzuia haja ni dharura.

Baadhi ya wagonjwa hupona kwa dawa za maumivu baada ya miaka kadhaa, chini ya uangalizi wa daktari, kwani dawa hizo huweza kudhuru tumbo na figo. Mtoto asipewe aspirini bila ushauri wa daktari. Maumivu yasipotulia, kiini huweza kuunguzwa kwa sindano ya mawimbi ya redio inayoongozwa na picha za CT. Kikiwa karibu mno na neva, upasuaji ndio hupendelewa.

Muda una uzito wake. Mgongo uliopinda kwa chini ya miezi 15 mara nyingi hunyooka uvimbe ukiondolewa. Ukicheleweshwa zaidi, kasoro huweza kubaki maishani. Swali fupi, “Je, maumivu hukuamsha usiku?”, lisikosekane katika uchunguzi.