Samaki Malaika Kwa Maji ya Mvua: Mwongozo wa Kuwazalisha Nyumbani Kitui na Makueni

Ukinawa kwa maji ya visima vingi vya Kitui na Makueni, sabuni hukataa kutoa povu. Karai hubaki na utando, na sufuria ya chai hushika ukoko mweupe. Hayo ni maji magumu, yenye madini mengi. Anayetaka kuzalisha samaki malaika aanzie hapo kwenye karai, kwa sababu samaki hawa wanaweza kuishi katika maji hayo na hata kutaga, kisha mayai mengi yasianguliwe.

Asili yao ni bonde la mto Amazon, Amerika Kusini, kwenye maji laini yenye asidi kidogo. Waliozaliwa ndani ya matangi kwa vizazi vingi ni wavumilivu zaidi, ila yai bado linataka maji ya kwao. Bahati nzuri, maji laini hutuangukia juu ya mabati.

Kuyatayarisha maji

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, kwani huosha vumbi na kinyesi cha ndege paani. Inayofuata ikinge kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko, mbu wasizaliane humo. Tangi la saruji, hasa likiwa jipya, huyarudishia maji ugumu.

Usitumie maji ya mvua matupu, kwa kuwa hayana madini ya kuzuia asidi isipande ghafla. Anza na sehemu mbili za mvua kwa moja ya kisima, upime pH: kati ya 6.5 na 7 panafaa. Kisima kikiwa na chumvi ya kuonjeka ulimini, kiache kabisa. Changanya mvua na maji ya bomba. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi saa 24 huku pampu ikipuliza hewa.

Tangi na jozi

Jozi moja itengee tangi la kioo la lita 80 hadi 100, lenye kimo cha sentimita 45 hivi, maana mapezi yao ni marefu. Weka kichujio cha sponji na hita ya nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi. Kibwezi wakati wa joto huenda hita isiwake kabisa. Mbooni usiku wa Julai haikosekani. Umeme ukipotea, funika tangi kwa blanketi litunze joto, ukiacha nafasi ya hewa.

Dume na jike ni vigumu kuwatofautisha kwa macho. Nunua wadogo sita, uwalee pamoja. Wakifikisha miezi 8 hadi 12, wawili watajitenga, watashika kona na kuwafukuza wenzao. Hao ndio jozi, wahamishe wengine.

Siku ya kutaga

Simamisha kipande cha bomba la plastiki la fundi bomba ndani ya tangi. Jozi italidonoa na kulisafisha, pengine siku nzima. Kisha jike hupanda taratibu akibandika mayai kwa mistari, na dume humfuata nyuma akiyarutubisha. Wanaweza kutaga mamia kwa mara moja.

Jozi changa mara nyingi huyala mayai yake, hasa ikishtuliwa. Ukitaka vifaranga wengi, hamisha bomba haraka hadi tangi dogo lenye maji yaleyale na joto lilelile. Weka jiwe la hewa karibu na mayai, bila viputo kuyagonga, na matone ya methilini buluu mpaka maji yawe ya samawati hafifu, ili kuzuia ukungu. Mayai mazima hung'aa kama kaharabu. Yakigeuka meupe yamekufa, na yakiwa meupe karibu yote, rudi ukague mchanganyiko wako wa maji na afya ya dume.

Kulea vifaranga

Baada ya siku mbili au tatu mayai huanguliwa. Vifaranga hubaki wamejibandika wakitingisha mikia, wakila kiini walichozaliwa nacho. Usiwalishe bado. Siku ya tano hivi tangu kuanguliwa huanza kuogelea, na hapo njaa huwaua upesi.

Chakula bora ni atemia, uduvi wadogo wa maji ya chumvi ambao mayai yao makavu huuzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Koroga vijiko viwili vya mezani vya chumvi ndani ya lita moja ya maji, tia mayai kidogo, puliza hewa. Kwa joto la nyuzi 27 huanguliwa kwa siku moja au moja na nusu. Wachuje kwa kitambaa, suuza chumvi, ulishe mara tatu au nne kwa siku. Matumbo ya vifaranga yakionekana ya rangi ya chungwa, wameshiba. Nyonya uchafu kila siku kwa mrija mwembamba, na usiwasonge: msongamano huharibu mapezi.

Maji yanayotoka

Tangi la lita 100 huhitaji kubadilishiwa mtungi mmoja wa lita 20 hivi kila wiki. Maji hayo machafu yana rutuba. Yamwagie sukuma wiki, isipokuwa yenye chumvi au dawa. Samaki wenyewe usiwaachilie kamwe katika mto Athi, Thwake wala bwawa la kijiji, kwani wageni huweza kuleta magonjwa na kuwanyang'anya wenyeji chakula. Ukitaka kuwauza, zungumza kwanza na afisa wa uvuvi wa kaunti.

Ukambani mvua ya kutegemewa zaidi ni ya Oktoba hadi Desemba. Septemba zibua mifereji ya paa, na maji ya nyumba yakishapata nafasi yake, weka pipa moja kando. Jozi iliyolishwa vizuri itakuwa tayari Novemba, na maji yake pia.