Kuvu za Ndani ya Miti, Dawa za Saratani na Haki ya Wakazi wa Tana

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mdharau biu hubiuka. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa viumbe wasioonekana kwa macho, waishio ndani ya miti ya dawa, waweza kuwa chimbuko la dawa za saratani, na kwamba jambo hili lawahusu wakazi wa Garsen na bonde la mto Tana hata kabla mtafiti hajabisha hodi.

Endofaiti ni nini?

Ndani ya jani au gome la mti wenye afya huishi kuvu na bakteria wasioudhuru. Wanasayansi huwaita endofaiti. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa kuvu iliyotolewa katika mti wa Taxus brevifolia ilitengeneza, kwa kiasi kidogo mno, paklitakseli, dawa ya saratani iliyojulikana kutoka gome la mti uo huo.

Mtafiti huliosha jani, huua vijidudu vya nje kwa spiriti, hulikata vipande na kuvilaza katika chakula cha maabara mpaka kuvu ichipuke. Kisha kemikali zake hujaribiwa kwenye seli za saratani. Nyingi huishia hapo, kwani kuua seli katika kisahani si kumponya mgonjwa.

Funzo la Kwale

Katika miaka ya 1970, takribani tani 27 za mti wa Maytenus buchananii zilivunwa Shimba Hills kwa ajili ya utafiti wa saratani nchini Marekani. Zilitafutwa kwa sababu ya kemikali iitwayo maitansini. Wadigo waliujua mti huo kama dawa, lakini hawakuombwa idhini. Mwaka 1977, watafiti wa Japani walieleza kuhusu bakteria atengenezaye kemikali za ukoo huo. Mwaka 2014 ikabainishwa kuwa katika mimea ya Putterlickia, jamaa ya mti huo, watengenezaji ni bakteria wa mizizini. Dawa ya saratani ya matiti yenye kemikali ya ukoo huo iliidhinishwa Marekani mwaka 2013.

Garsen na Kiswahili

Kwa hivyo, endofaiti zaweza kuuokoa mti na shoka. Haziwezi, peke yake, kumwokoa mwenye elimu ya mti na kusahauliwa. Tani 27 huonekana zikipakiwa. Jani moja hutiwa mfukoni, na kiumbe aliyemo akazalishwa ng'ambo miaka nenda miaka rudi.

Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi zadai idhini ya wenyeji. Lakini mzee wa Kipokomo au wa Kiorma ataidhinishaje asichoelezwa kwa lugha aielewayo?

Hitimisho

Hapa ndipo wajibu wetu, wanafunzi wa Kiswahili, unapoanza: kuunda istilahi, kufasiri hati za idhini, na kuandika majina ya miti pamoja na ya jamii zilizoitambua kuwa dawa. Anayeombwa jani aelewe kuwa anaombwa pia kilichomo ndani yake.